Droni safarini Kenya na Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Mtanzania anayekwenda Mombasa na droni begani, Mkenya anayekwenda Unguja, ndugu anayerudi likizo kutoka ughaibuni, na mgeni anayetaka kupiga Mara na Serengeti katika safari moja. Ada na fomu hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo hatukuandika viwango vya malipo. Yaliyomo humu ni utaratibu, mipaka ya kurusha na mitego inayowanasa watu wengi.

## Mambo ya msingi

1. Kwa kifupi, droni inaruhusiwa Kenya na Tanzania?

Inaruhusiwa kote kuwili, lakini kwa kibali. Nchi hizi hazitofautiani sana katika namna ya kurusha. Zinatofautiana mlangoni.

Kenya inaanza kwa kuuliza wewe ni nani. Kanuni zake za mwaka 2020 zinamtambua mmiliki wa droni kuwa raia au mkazi wa Kenya aliyefikisha miaka 18, biashara iliyosajiliwa nchini, au serikali. Mtalii wa wiki mbili hayumo kwenye orodha hiyo, na ndiyo maana hujibiwa "hapana" hata kabla ya kueleza anataka kupiga picha gani.

Tanzania inaanza kwa kuuliza vyombo vya ulinzi vinasemaje. Mgeni anaweza kupata kibali, ila lazima apate kwanza idhini ya kiusalama ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, ndipo Mamlaka ya Usafiri wa Anga impe ruhusa yake. Haya yote hufanyika kabla ya kupanda ndege. Ukifika Kilimanjaro au Dar es Salaam ukitarajia kujaza fomu dirishani, umechelewa.

2. Nani anasimamia droni kila upande?

Kenya ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, kwa kanuni za ndege zisizo na rubani za 2020. Kabla ya hapo mambo yalikuwa ya kubahatisha, kwa sababu kanuni za awali zilikataliwa na Bunge mwaka 2018. Ndiyo sababu bado utakutana na maelezo ya zamani mtandaoni yanayosema droni ni marufuku kabisa Kenya. Si kweli tena, ingawa kwa mtalii asiyejiandaa matokeo yake ni yale yale.

Tanzania ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa kanuni za 2018.

Mamlaka hizi mbili zinasimamia anga tu. Mzigo unasimamiwa na forodha, ardhi ina wenyewe (swali la 17), na filamu ina ofisi yake (swali la 14). Watu wengi wanaokwama wana kibali kimoja kati ya vinne walivyohitaji.

3. Sisi ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kibali cha Kenya hakifanyi kazi Tanzania?

Hakifanyi. Hakuna kibali cha droni cha Afrika Mashariki. Jumuiya ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao makuu Entebbe, lakini kazi yake ni kuoanisha viwango vya nchi wanachama, wala haumpi msafiri karatasi ya kurushia.

Msingi wake ni wa zamani kuliko Jumuiya yenyewe. Mkataba wa Chicago wa 1944, unaoongoza usafiri wa anga duniani, unasema katika ibara ya 8 kwamba ndege isiyo na rubani hairuki juu ya nchi nyingine bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Kwa hiyo Mtanzania aliyesajili droni yake TCAA, akivuka Namanga, ni mgeni kama aliyetoka Ujerumani. Pasi ya Afrika Mashariki itakupitisha wewe, droni haina pasi.

4. Droni yangu ni ndogo, gramu 249. Nayo inahitaji kibali?

Ndiyo, ichukulie kuwa inahitaji. Hoja ya gramu 250 inatoka Ulaya na Marekani, ambako uzito huo unapunguza baadhi ya masharti. Watengenezaji wakaunda droni za gramu 249 kwa sababu hiyo, na matangazo yao yakasambaa dunia nzima. Kenya haikujenga kanuni zake juu ya namba hiyo. Imegawa urushaji katika makundi matatu, A, B na C, kwa kuangalia ukubwa wa hatari. Tanzania nayo, usitegemee kupita forodha kwa kusema "hii ni ndogo".

Vivyo hivyo kwa ile unayoiita ya kuchezea ya mtoto. Ikiwa na kamera na inajipeleka yenyewe kwa setilaiti, afisa ataiona kuwa droni.

## Kuingia nchini

5. Mimi si raia wala mkazi wa Kenya. Nina njia yoyote ya kuingia nayo?

Ipo, lakini ni ya wenye kazi maalumu: watengeneza filamu, watafiti, mashirika. Kuingiza droni Kenya kunahitaji kibali cha KCAA kabla mzigo haujafika, na vyombo vya usalama navyo vinahusishwa. Anayekuja kupiga filamu hupitia wakala wa filamu aliyesajiliwa Kenya, ambaye anajua mlango wa kila ofisi na ndiye anayebeba dhamana ya wewe kuwepo.

Kwa mtalii wa kawaida ushauri wetu ni mmoja: iache nyumbani. Gharama na muda wa kufuatilia kibali kwa ajili ya dakika ishirini za picha za Diani havilingani, na kuna njia rahisi zaidi katika swali la 6.

Mkenya anayeishi nje na kurudi likizo ana nafasi nzuri kuliko mgeni, kwa kuwa ni raia. Hata hivyo uraia unamstahilisha kumiliki tu. Hauondoi haja ya kibali cha kuingiza wala usajili.

6. Naweza kumkodi mrushaji wa huko badala ya kubeba yangu?

Unaweza, na kwa safari nyingi hili ndilo jibu bora. Kenya ina kampuni zenye cheti cha uendeshaji kutoka KCAA na marubani wa droni wenye leseni. Tanzania pia ina waendeshaji walioidhinishwa. Wanazijua hifadhi, wana bima, na kifaa chao tayari kimesajiliwa.

Usiishie kuoneshwa picha nzuri za simu. Omba kuona vitu viwili: cheti cha mwendeshaji, na ruhusa ya mahali penyewe mnapokwenda. Cheti bila ruhusa ya mahali hakiwasaidii mkikutwa na askari wa hifadhi. Mtu akikuambia "usijali, pale wananijua", tafuta mwingine.

7. Tanzania nianzie wapi, na mapema kiasi gani?

Anza na barua ya maombi ya idhini ya kiusalama kwa Wizara ya Ulinzi. Ieleze safari yako kama unavyomweleza mtu asiyekujua: wewe ni nani, unarusha kwa madhumuni gani, maeneo gani hasa, tarehe zipi, aina ya droni na namba yake ya utambulisho. Ambatisha pasipoti na maelezo ya kiufundi ya kifaa. Kisha TCAA, kwa usajili na kibali, pamoja na bima ya madhara kwa watu wengine.

Kosa linaloonekana sana ni kuandika "Tanzania nzima" kwenye sehemu ya maeneo. Hilo ni kama kuomba ukataliwe. Taja majina: Mto wa Mbu, Paje, Lushoto. Afisa anayesoma anatafuta kujua kama umekaribia kambi, mpaka au bandari, na ukimwachia aulize, barua inarudi nyuma ya foleni.

Kuhusu muda, hesabu kwa wiki, tena nyingi. Ukiomba ukiwa umeshanunua tiketi ya wiki ijayo, panga safari yako kana kwamba hutakuwa na droni.

8. Nimefika Jomo Kenyatta na droni bila kibali. Nini kitatokea?

Mizigo hupita kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya mlango wa kutokea, na droni huonekana kirahisi: betri, mota nne na rimoti havifanani na kitu kingine. Kinachotokea kwa kawaida ni droni kuzuiliwa forodha, wewe kupewa risiti, na kuichukua siku ya kuondoka, mara nyingi baada ya kulipia uhifadhi.

Sema ukweli kabla hujaulizwa. Aliyeitaja mwenyewe ana mzigo uliozuiliwa. Aliyeificha ndani ya viatu ana kesi ya kuingiza kitu kinyemela.

Mambo mawili ya kukumbuka. Risiti iandikwe namba ya droni, na uipige picha palepale. Pia fikiria utatokea wapi. Ukiingia Nairobi na kuondokea Mombasa, au ukaendelea Arusha kwa basi, droni itabaki Nairobi nawe umeshafika mbali. Siku ya kuondoka fika mapema kuliko kawaida, kwa sababu ofisi inayotunza mzigo si ile unayokaguliwa tiketi.

9. Nikivuka kwa barabara, Namanga au Holili, wanakagua kweli?

Wanaweza, na usijenge safari juu ya matumaini kwamba hawatakagua. Namanga, Holili na Taveta, Sirari na Isebania, Horohoro na Lungalunga ni vituo vya pamoja: maafisa wa nchi zote mbili wamo katika jengo moja, na unakamilisha kutoka na kuingia upande wa nchi unayoingia. Kwa hiyo mzigo uliokaa kimya kutoka Nairobi unaweza kuonwa na macho ya pande mbili ndani ya nusu saa.

Upande wa kutoka nao una maana. Kama droni ni yako kihalali nchini mwako, beba uthibitisho wa usajili na risiti ya ununuzi, la sivyo ukirudi nayo unaweza kuonekana unaingiza mpya.

10. Napita Nairobi tu kwenda Kilimanjaro. Itazuiliwa?

Ukibaki ndani ya eneo la abiria wa kupita, na mzigo umeandikiwa hadi mwisho wa safari, hukutani na forodha ya Kenya. Ukitoka kulala hotelini na begi lako, umeingia Kenya, nayo droni imeingia nawe. Soma swali la 8.

Wanaounganisha kupitia Wilson, uwanja mdogo wa ndege wa Nairobi, kwenda Mara kwa ndege ndogo wana tatizo jingine pia: mzigo wa kilo 15 kwa mtu, mikoba laini. Sanduku gumu la droni linakula nusu ya hapo.

11. Betri zinabebwaje?

Betri za ziada zinakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Hadi saa-wati (Wh) 100 kwa betri moja hazihitaji idhini ya shirika la ndege. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini, na mwisho ni mbili za ziada. Droni nyingi za watalii ziko chini ya 100, namba imeandikwa kwenye betri yenyewe. Ziba ncha zake za umeme kwa utepe au tumia mifuko yake maalumu. Hii ni sheria ya mashirika ya ndege na haihusiani na kibali: droni iliyozuiliwa forodha, betri zake unaweza kuwa nazo mkononi, na kinyume chake.

12. Mtu ananiambia nilipe "kidogo" ili niruhusiwe. Nifanyeje?

Malipo ya serikali yana njia yake. Tanzania unapewa namba ya malipo ya serikali na kulipia benki au kwa simu. Kenya huduma nyingi ziko eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Asiyekupa namba wala risiti hakukupa kibali. Zaidi ya kuwa ni kosa, ni hasara ya kijinga: utakayemkuta mbele haitambui ruhusa ya mdomo ya mwenzake.

## Kurusha

13. Vikomo vya urushaji ni vipi?

Urefu ni futi 400, karibu mita 120, juu ya ardhi iliyo chini ya droni, pande zote mbili. Rusha mchana, na droni uione kwa macho yako muda wote. Kenya inaongeza mita 50 za ubavuni kutoka kwa watu, magari na majengo yasiyo chini ya usimamizi wako. Kurusha usiku kunahitaji idhini mahususi, hata kama ni harusi na taa zimewaka vizuri.

Miwani ya kuonea kupitia kamera inakuondolea macho kwenye droni yenyewe. Kwa msafiri, chukulia kuwa hairuhusiwi isipokuwa kibali chako kimetaja hivyo.

Viwanja vya ndege ndivyo vinavyowaponza watu. Kenya inakataza kurusha ndani ya kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa na kilomita 7 kutoka vile vidogo. Chukua ramani uone maana yake. Uwanja wa Ukunda uko nyuma tu ya hoteli za Diani, kwa hiyo ufukwe unaopendwa kuliko wote kusini mwa Mombasa umo ndani ya duara. Uwanja wa Manda unatazamana na mji wa Lamu ng'ambo ya mlango wa bahari. Malindi uwanja uko mjini. Wilson iko chini ya kilomita 5 kutoka katikati ya Nairobi, na Hifadhi ya Nairobi imepakana nayo.

Upande wa Tanzania tunashauri utumie kipimo hicho hicho cha Kenya, kama tahadhari. Ukikitumia utaona kuwa Moshi mjini, sehemu kubwa ya Arusha na Mji Mkongwe wote wamo ndani ya duara la uwanja fulani, na utajua mapema kuwa sehemu hizo zinahitaji ruhusa iliyozitaja kwa jina.

14. Picha ni za YouTube yangu, inanilipa kidogo tu. Hiyo ni biashara?

Ikikuingizia fedha, jiandae kuhesabiwa kuwa ni biashara, na biashara ina masharti mazito kuliko starehe: cheti cha mwendeshaji, leseni ya rubani wa droni, bima. Kadhalika hoteli inayokupa chumba bure ili uipige picha. Umelipwa, ila kwa kitanda.

Ukifika na kamera kubwa, mikrofoni na watu watatu, lipo pia suala la kibali cha filamu. Tanzania ni Bodi ya Filamu. Kenya wageni hupitia wakala, kama ilivyoelezwa katika swali la 5. Kibali cha filamu hakirushi droni, na kibali cha droni hakipigi filamu.

15. Kuna sehemu ambazo nisifikirie kabisa?

Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi, magereza, mahakama, bandari, mabwawa ya umeme, nyaya za msongo mkubwa na minara ya mawasiliano. Madaraja mapya na reli ya kisasa huwavutia sana wapiga picha, nayo ni miundombinu ya kimkakati. Ukitaka Daraja la Kigongo–Busisi kutoka angani, liombe kwa jina.

Maeneo mengine yana uzito wa kiusalama usioonekana machoni mwa mtalii. Kaunti ya Lamu ina kambi ya jeshi Manda Bay na imewahi kushambuliwa mwaka 2020. Mtwara inapakana na Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma kuna Cabo Delgado, mkoa wenye uasi wa silaha. Huko droni isiyojulikana haichukuliwi kuwa ya mtalii mpaka ithibitishwe.

Na watu? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa lugha ya mtaani: usipige ua wa mtu. Nyumba za pwani zina ua wa ndani kwa sababu, akina mama wamo humo bila mtandio, na droni inayoning'inia juu italeta ugomvi mkubwa zaidi ya faini. Boma la Wamaasai nalo lina wenyewe. Zungumza na wazee kwanza, kisha ndipo ufungue begi.

16. Programu ya droni yangu inaonesha eneo ni la kijani. Si inatosha?

Haitoshi. Ramani ya mtengenezaji ni huduma yake, sheria iko kwingine. DJI wenyewe, watengenezaji wakubwa wa droni, mwaka 2025 waliondoa vizuizi vya kiotomatiki Marekani na kuacha onyo tu, jukumu likabaki kwa mrushaji. Ramani hiyo haijui mipaka ya hifadhi za jamii wala kambi iliyohamia mwaka jana.

## Hifadhi na milima

17. Nina kibali cha TCAA au KCAA. Naweza kurusha ndani ya hifadhi?

Hapana, mpaka mwenye hifadhi akubali. Ugumu uko katika kumjua mwenye hifadhi.

Kenya, hifadhi za taifa kama Tsavo ziko chini ya Shirika la Wanyamapori Kenya, KWS. Lakini Masai Mara si hifadhi ya taifa. Ni hifadhi ya Kaunti ya Narok, na upande wa magharibi wa mto, Mara Triangle, unaendeshwa na Mara Conservancy. Kuizunguka kuna hifadhi za jamii, kila moja na uongozi wake. Barua ya KWS mkononi mwa mtu aliyesimama Mara haina kazi. Tanzania, Serengeti, Tarangire, Manyara na Kilimanjaro ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ngorongoro ina mamlaka yake, NCAA. Mapori ya akiba ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Mafia na Mnazi Bay ni Hifadhi za Bahari. Safari ya siku tano ya kaskazini inapita kwa wenye nyumba wawili au watatu tofauti.

Kote huko kawaida ni kukataa, na wanaokubaliwa ni watafiti na watengeneza filamu wenye mkataba. Dereva wako ndiye wa kwanza kuumia: ukirusha kutoka kwenye paa la gari lake, leseni ya kampuni yake imo hatarini. Usimweke katika hali hiyo.

18. Kwa nini ukali wote huo? Droni si inapita tu juu?

Kwa tembo haipiti tu. Utafiti uliofanyika pembezoni mwa hifadhi za Tanzania na kuchapishwa 2017 ulionesha kuwa droni huwafukuza tembo kutoka mashambani, na leo askari wa wanyamapori katika sehemu kadhaa hutumia droni kwa kazi hiyo. Tembo akisikia mvumo ule anakimbia, labda kwa sababu unafanana na nyuki. Sasa fikiria kundi lenye watoto likikimbizwa na mtalii anayetaka picha nzuri ya jioni.

Kuna pia ndege zenyewe. Seronera, Keekorok na Musiara ni viwanja vya changarawe ambavyo ndege ndogo hutua bila mnara wa kuongozea, na alfajiri maputo ya watalii huelea chini kabisa, palepale unapotaka kuiweka droni yako.

19. Kilimanjaro ina mita 5,895. Futi 400 zinahesabiwa kutoka wapi?

Kutoka ardhi iliyo chini ya droni, si kutoka usawa wa bahari. Ukiwa kambi ya Barafu unahesabu kutoka Barafu. Tahadhari: ukiirusha kutoka ukingoni kwenda juu ya bonde, rimoti inaendelea kuonesha urefu kutoka ulipoinulia, ilhali ardhi imeshuka. Unaweza kuvuka kikomo bila kuongeza hata mita moja.

Kibali cha TANAPA kinahitajika pamoja na cha TCAA. Helikopta za uokoaji hufanya kazi mlimani humo, na mgonjwa wa mwinuko hawezi kusubiri utafute droni yako mawinguni. Kiufundi pia ni mahali pabaya: hewa nyepesi inadai mota zizunguke zaidi, na baridi hula betri.

## Visiwa na bahari

20. Zanzibar ina kibali chake?

Usafiri wa anga na ulinzi vyote ni mambo ya Muungano, kwa hiyo njia ya swali la 7 ndiyo hiyo hiyo: idhini ya Wizara ya Ulinzi na kibali cha TCAA. Aliyepata kibali cha Arusha peke yake asidhani kinamfikisha Nungwi. Taja Unguja au Pemba katika maombi.

Zanzibar ina serikali yake, na mahali pana wenyewe. Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, una mamlaka yake ya uhifadhi. Hotelini, meneja anaruhusu uwanja wake tu, wala si anga ya juu yake wala ufukwe wa mbele unaotumiwa na wavuvi na wakulima wa mwani.

Jambo la kuvutia ni kwamba visiwa hivi havina ugeni na droni. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walizitumia kuchora ramani ya Unguja na Pemba zote, na vijana wa chuo ndio waliokuwa warushaji.

21. Nikirusha kutoka kwenye jahazi, baharini si kwa mtu?

Ni kwa mtu hadi maili 12 za baharini kutoka pwani. Anga ya juu ya bahari ya eneo ni ya nchi husika. Jahazi la watalii halifiki huko. Isitoshe, droni nyingi husahau kuwa chombo kimesogea na kurudi kutua mahali ulipoinulia, yaani majini.

## Hali zisizo za kawaida

22. Ziwa Chala liko mpakani. Nikirusha kutoka upande wa Taveta?

Mpaka unakata ziwa lenyewe, na droni inavuka kwenda Tanzania kwa sekunde chache tu. Kisheria umeingiza chombo cha anga nchi nyingine bila idhini (swali la 3). Vivyo hivyo Ziwa Jipe, na ukanda wa Mto Sand kati ya Mara na Serengeti ambako nyumbu hawaulizwi pasipoti. Wenye shughuli halali maeneo hayo huomba pande zote mbili, na waliopata upande mmoja huweka kizuizi cha umbali kwenye programu ili droni isiweze kuvuka hata upepo ukiisukuma.

23. Droni imeangukia ndani ya hifadhi. Naweza kuifuata?

Usishuke kwenye gari. Mwambie dereva, atawaita askari wa hifadhi kwa redio. Ndiyo, utaulizwa kibali. Lakini betri iliyopasuka kwenye nyasi kavu inaweza kuwasha moto, na hilo ni kubwa kuliko aibu yako.

24. Polisi au askari amenisimamisha nikiwa nimerusha. Nifanye nini?

Tua kwanza, kisha zungumza. Kuwa na nakala za karatasi za vibali vyote, kwa kuwa simu huisha chaji na mtandao hukatika. Salimia, mwoneshe kibali, mwoneshe picha akiomba. Usifute chochote mbele yake. Akisema eneo hilo halifai hata kama karatasi yako inaruhusu, funga begi na uulize jina la kituo ili ulifuatilie baadaye ofisini.

25. Nimenunua droni Nairobi na naipeleka Arusha kwa rafiki. Nayo ni hadithi ile ile?

Ni nzito zaidi. Sasa unaingiza bidhaa ya mtu mwingine, si kifaa chako cha safari, kwa hiyo kodi ya forodha inaingia pamoja na vibali. Kibali kitoke kwa jina la atakayeimiliki. Rafiki aanze upande wake wa Tanzania, na droni ikae dukani Nairobi mpaka karatasi zitoke.